Treni ya Smoke, vumbi la Los Santos na pedi mbili: barua zenu kuhusu San Andreas

Toleo lililopita tulichapisha barua fupi ya msomaji wa Chang'ombe. Alisema Grand Theft Auto: San Andreas, ule mchezo wa video wa 2004, iliyokarabatiwa na kutolewa tena Novemba 2021 ni "chakula kilichokwisha kutafunwa", na kwamba anayeimaliza hiyo asijihesabu kuwa ameimaliza San Andreas. Tangu hapo barua zimemiminika kutoka Dodoma mjini, Kondoa, Mpwapwa hadi Singida. Nyingi ziligusa mambo yaleyale, kwa hiyo tumechagua chache zenye swali lililo wazi. Kwa ufupi tutaita ile ya PlayStation 2 "ya 2004" na iliyokarabatiwa "ya 2021".

Msomaji wa Majengo, Dodoma: Ndugu waandaaji, namuunga mkono kaka wa Chang'ombe. Siku hizi ukishindwa misheni unabonyeza tu, unaanza tena palepale. Zamani ile treni ya Big Smoke ilikutoa jasho. Je, huo bado ni mchezo uleule?

Kaka, tuitazame kwanza adhabu yenyewe ya zamani, maana wengi wanaikumbuka nusu. Kwenye ya 2004 ukifa unaamkia hospitali, umekatwa dola 100 na silaha zote zimekwenda. Ukikamatwa unatoka kituo cha polisi mikono mitupu vilevile. Lakini kwenye misheni ya treni, ambapo unaikimbiza treni kwa pikipiki ukiwa umempakia Smoke, wengi hawafi. Treni inawaacha tu. Hapo hakuna hospitali. Unabaki kando ya reli, huko ilikokukimbia, na unatakiwa kurudi mwenyewe hadi nyumbani kwa Smoke, Idlewood, uangalie tena maongezi ya mwanzo, uendeshe tena hadi stesheni, ndipo ufike kwenye kile ulichoshindwa. Katika safari hiyo yote hakuna unachojifunza kuhusu treni. Barabara unazijua, maongezi umeyakariri. Ya 2021 imefuta safari hiyo, na kwa misheni hii tunasema wazi kwamba imefanya vyema. Ugumu wake haujaguswa: watu ni walewale wanne juu ya mabehewa, na pikipiki ni ileile.

Jasho lenyewe, kaka, lilitokana na kosa moja ambalo hata leo linawaangusha watu kwenye toleo lolote. Mchezaji anadhani kufuata treni ni kuibana. Anaisogelea mpaka tairi zinagusa kokoto za reli, na Smoke, anayepiga risasi akiwa nyuma yako, anabaki kulenga ubavu wa behewa kwa sababu walio juu hawaoni. Jitenge. Kaa upande wa kulia, sambamba na treni, mbali kiasi cha kuona paa la behewa lote kwenye skrini yako, na penye mwinuko panda mwinuko. Usijiweke kwenye reli ya pembeni kwa sababu ni tambarare. Treni nyingine inakuja kutoka mbele. Shika mwendo mmoja badala ya kukimbia na kufunga breki, maana kila ukiyumba Smoke analenga upya. Wawili wa kwanza wakianguka mapema, waliobaki si tatizo.

Hata hivyo kuna sehemu ambayo barua ya Chang'ombe ina haki, na hatutaki ipite hivihivi. Adhabu ya kupoteza silaha ilikuwa imefungamana na mambo mengine. Yule Katie wa San Fierro, mji mwingine wa mchezo huo, muuguzi: ukiwa na uhusiano naye, ukifa hupotezi silaha. Barbara, askari wa El Quebrados, anafanya hivyohivyo ukikamatwa. Watu walihangaika kujenga misuli na kupeleka maua kwa sababu zawadi ile ilikuwa na thamani kubwa. Ukiruhusiwa kurudia misheni bila kupitia hospitali, Katie anabaki pambo. Hivyo marekebisho yaliyokusudiwa kufuta safari ya bure yamepunguza pia uzito wa kitu kingine mbali kabisa na treni. Anayetaka uzito ule kwenye ya 2021 ana njia: ukishindwa, kataa ombi la kurudia na uache mchezo uendelee. Tunawashauri wanaoucheza mara ya pili wafanye hivyo baada ya kufika San Fierro.

Na wazo la kumhurumia aliyeshindwa halikuzaliwa 2021. Vice City ya 2002, mchezo uliotangulia San Andreas, ilikuwekea teksi nje ya hospitali, ikurudishe mwanzo wa misheni kwa nauli ndogo. Ni San Andreas ya 2004 iliyoiondoa.

Mwanafunzi wa UDOM: Shikamooni. Mimi sina shida na kurudia misheni. Kinachoniudhi ni ule mstari wa njia kwenye ramani ndogo. Wenzangu wamemaliza mchezo na ukiwauliza mtaa wa Ganton uko upande gani wa mji wa Los Santos hawajui.

Marahaba. Hili ndilo badiliko ambalo hata sisi tunalitilia shaka. Kwenye ya 2004 uliweza kuweka alama yako kwenye ramani kubwa, lakini namna ya kuifikia ulitafuta mwenyewe. Ya 2021 inakuchorea barabara yote hadi mlangoni. Tofauti yake na kurudia misheni ni kwamba hapa kilichoondolewa kilikuwa kinakufundisha. Mji ule ulijengwa uusome kwa macho: majengo marefu ya katikati yanaonekana kutoka Ganton, kilima cha Vinewood kiko kaskazini, ufuko wa Santa Maria uko magharibi. Ukipotea mara tatu, mara ya nne unajua pa kukata kona. Ndiyo maana misheni za kukimbiza na kukimbizwa zilikuwa rahisi kwa aliyewahi kupotea: anajua kichochoro kiko wapi kabla polisi hawajamfikia.

La kufanya ni hili. Usiweke alama kwa safari zako binafsi, yaani kwenda dukani, mazoezini au kusevu. Kabla ya kuondoka fungua ramani kubwa, tazama kona mbili tatu za mwanzo, funga, kisha endesha. Misheni itakuchorea njia, sawa, lakini wewe angalia mbele ya gari. Na kuna kazi moja inayofundisha Los Santos kuliko zote: alama 100 za ukutani za kupuliza rangi. Zote ziko ndani ya mji huo, na aliyezimaliza bila kuwekewa alama kwenye ramani haulizi tena Ganton iko wapi. Malipo yake ni silaha zinazokusubiri nyumbani kwa akina Johnson, familia ya mhusika unayemchezesha, kwa hiyo hupotezi muda.

Mwenye banda la gemu, Kondoa: Nina PS2 tatu na PS4 moja. Vijana wananibana niwawekee San Andreas ya 2021 kwenye PS4. Itanilipa? Na wanasevu vipi bila kugombana?

Mheshimiwa, kabla hujatoa hela, ujue kwamba ya 2021 haina wachezaji wawili. Ile ya PS2 ina alama fulani mitaani ambazo ukiingia na pedi ya pili imechomekwa, mwenzako anaingia kwenye skrini hiyohiyo na mnazunguka pamoja, mradi msiachane mbali. Kwa mtu wa nyumbani hilo ni dogo. Kwa banda ni wateja wawili kwenye televisheni moja, na 2021 waliliondoa kabisa. Kwa maoni yetu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika ukarabati ule, na inasikitisha kwamba halizungumzwi kama zilivyozungumzwa kasoro za picha, yaani ukungu na mvua. Kwa hiyo usiuze PS2.

PS4 ina faida yake kwa mteja wa nusu saa. Kwenye ya 2004, mtu akishindwa mara mbili muda wake unaishia barabarani. Kwenye ya 2021 nusu saa yote inatumika kwenye misheni yenyewe, na anatoka akiwa amesogea. Huyo atarudi kesho.

Kuhusu kusevu, PS2 na PS4 zinahitaji mpango tofauti. San Andreas ina nafasi nane. Kwenye PS2 wape wateja wako wa kudumu namba, moja hadi saba, ziandike kwenye daftari, na ya nane iwe ya wapita njia. Kila anayesevu asome namba kabla ya kubonyeza. Kugombana kote kunatokana na mtu kubonyeza haraka juu ya nafasi ya mwenzake. Kumbuka kwamba kila kusevu kunasogeza saa ya mchezo kwa saa sita, na siku nzima ya mchezo ni dakika 24 tu za kwetu, kwa hiyo mteja asishangae akirudi na kukuta usiku. Kwenye PS4 mpango wa daftari hautoshi, kwa kuwa mchezo wa 2021 unajisevia wenyewe misheni inapoisha. Mfungulie kila mteja wa kudumu jina lake la mtumiaji kwenye mashine. PS4 inakubali hadi 16, na kila mmoja anatunziwa maendeleo yake peke yake hata kama diski ni moja.

Diski ukiinunua bado inataka kupakuliwa masasisho, na bila hayo utakuwa unawachezesha mchezo ulivyokuwa wiki ya kwanza, pamoja na kasoro zake. Panga bando kabla. Na kwa kuwa Kondoa kama Dodoma kuna vumbi kuanzia Juni hadi mvua zinaponyesha, usiiweke PS4 sakafuni wala karibu na mlango. Feni ikianza kuvuma kama mashine ya kusaga, zima, chomoa umeme, pulizia matundu ya nyuma kwa upepo mkavu huku umezuia mapanga ya feni yasizunguke. Yakizungushwa kwa nguvu ya upepo feni inaweza kuharibika.

Msomaji wa Mpwapwa: Nacheza ya zamani kwenye kompyuta. CJ, mhusika ninayemchezesha, anaogelea kama amefungwa jiwe, na misheni ya kuvamia meli kwa kupitia majini imenishinda. Rafiki yangu ana ya 2021 na anaogelea vizuri. Kumbe waliirahisisha?

Hapana, ndugu. Mchezo wako una hitilafu, na ni mfano mzuri wa jinsi watu wanavyosifia "ugumu wa zamani" ambao hakuna aliyeukusudia. San Andreas ya kompyuta ilitengenezwa iende kwa takriban picha 25 kwa sekunde. Kompyuta ya leo ina uwezo wa kwenda mara nyingi zaidi ya hapo, na kizuizi cha idadi hiyo ya picha kikiwa kimezimwa, baadhi ya hesabu za mwendo zinavurugika. Kuogelea ndiko kunakoumia zaidi: CJ anapiga mikono lakini hasogei.

Fungua menyu ya mipangilio, ingia "Display Setup", kisha "Advanced", na palipoandikwa "Frame Limiter" weka "On". Ingia majini ujaribu. Picha itaonekana nzito kidogo kuliko ulivyozoea, lakini CJ atasogea. Kisha kabla ya kurudi kwenye misheni ile, iitwayo Amphibious Assault, jenga mapafu: yenyewe inakudai kiwango fulani cha pumzi kabla ya kukuruhusu kuanza. Zamia, kaa chini hadi pumzi ikaribie kuisha, panda, rudia. Mapafu yanakua kwa muda unaokaa chini ya maji, kwa hiyo kuogelea juu juu kutwa nzima hakutakusaidia.

Kwa kuwa uko kwenye kompyuta, chukua na hili: siku mchezo ukigoma kufunguka na kukurudisha kwenye dirisha la mwanzo, nenda kwenye folda ya "Documents", humo "GTA San Andreas User Files", ufute faili liitwalo gta_sa.set. Hilo linatunza mipangilio tu na mchezo utaliunda upya. Usiguse mafaili yanayoanza na GTASAsf. Hayo ndiyo misheni zako, na ni vyema kuyanakili kwenye flashi. Ukishafuta, Frame Limiter iangalie tena.

Kama unawaza kuhamia ya 2021, kompyuta yako iwe na angalau Windows 10, RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya daraja la GeForce GTX 760 yenye GB 2. San Andreas ikija pamoja na ndugu zake wawili, GTA III na Vice City, nafasi inayohitajika ni GB 45. Kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde isiyokatika, kupakua mzigo huo ni saa 20. Pakua kwa programu inayoendelea ilipoishia, maana umeme ukikatika saa ya kumi na tisa utatamani kulia.

Msomaji wa Singida: Kwa nini ya 2021 inaonekana ndogo? Ramani si ileile?

Ni ileile. Kilichobadilika ni hewa. PS2 ilikuwa na kumbukumbu ya MB 32 tu, haikuweza kuchora mji wote, kwa hiyo waliufunika mbali kwa ukungu. Ulipokuwa Los Santos hukujua Mlima Chiliad uko karibu kiasi gani. Ulipoufikia baada ya kuendesha uliona umesafiri. Panda kilima cha Mlimwa hapa Dodoma mwezi wa tisa, wakati upepo umeinua vumbi, halafu panda tena Januari mvua ikishaosha hewa: mji ni mmoja, ila wa Septemba unaonekana hauna mwisho. Mwaka 2021 waliuondoa ukungu, na kutoka angani ukaona nchi nzima kama kiwanja cha mpira.

Kasoro za siku zile zilikuwa nyingi kiasi kwamba Rockstar, kampuni yenye mchezo huo, waliomba radhi hadharani tarehe 19 Novemba 2021, siku nane tu baada ya kuutoa. Kuna moja ndogo inayoeleza yote. Bango la duka la Tuff Nut Donuts lilikuwa na nati, nati ya bolti yenye pembe sita, kwa sababu jina la duka linacheza na neno hilo. Picha zilipokuzwa kwa kompyuta, pembe zikalainishwa ikabaki duara, na maana ikapotea. Hakuna aliyelisoma bango kabla ya kulinyoosha. Ukarabati mzuri unaanza kwa kujua kila kitu kiliwekwa pale kwa sababu gani.

Masasisho ya Novemba 2024 yalirudisha sehemu kubwa: kuna taa za mtindo wa zamani, "Classic Lighting" kwenye mipangilio ya picha, zinazorejesha anga lile la rangi ya machungwa la Los Santos pamoja na umbali wake. Iwashe. Kama huioni, mchezo wako haujasasishwa.

Msomaji wa Nkuhungu: Vidole vyangu vimezoea X kuongeza mwendo. Hii ya 2021 inayotumia R2 inanigongesha kila kona.

Dada au kaka, mipangilio ya vitufe ya zamani ipo kwenye menyu ya pedi, chagua ile ya "Classic". Lakini jipe siku tatu kwanza na R2. Ukikanyaga mafuta kwa X, kidole gumba cha kulia kimefungwa pale na hakiwezi kugusa kijiti cha kuzungushia kamera. Ukiyahamishia mafuta kwenye R2, gumba linakuwa huru na unaona kona kabla hujaifikia. Gurudumu la silaha nalo lipende: ukishika L1 unaona silaha zote, badala ya kuzipitia moja moja ukitafuta bunduki huku unapigwa.

Msomaji wa Kisasa: Chiti, yaani kodi za siri za kujirahisishia mchezo, zinaruhusiwa kwenye ya 2021?

Nyingi zipo, ikiwemo ya kompyuta inayojulikana kuliko zote, HESOYAM: afya, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000 kwa mara moja. Ukizitumia, tuzo za mchezo zinasimama kwa kipindi hicho. Angalizo letu ni kwa ya 2004: ile ya kufanya raia wafanye ghasia usiisevu kamwe. Ukishasevu haizimiki, na kila misheni utaicheza katikati ya vurugu hadi mwisho. Itumie kwenye nafasi ya pembeni. Na wanaosema zamani hatukurahisishiwa wakumbuke ni kuta za mabanda mangapi zilizoandikwa kodi hizo kwa kalamu ya wino.

Msomaji wa Chang'ombe, aliyeanzisha mjadala: Basi niambieni sehemu moja ambayo ya 2021 haijamsaidia mchezaji hata kidogo.

Shule ya urubani, kaka. Unanunua uwanja wa ndege wa Verdant Meadows kwa dola 80,000, unakuta masomo kumi, na kwa kila somo unahitaji alama 70 kupata medali ya shaba. Kushindwa kwenye masomo hayo kulikuwa hakukurudishi popote hata mwaka 2004, unarudia palepale, na bado ndiko wengi walikouacha mchezo. Kwa hiyo safari ya kurudi haikuwa kipimo cha ugumu kamwe.

Somo la kwanza wanaanguka kwa sababu moja: wanapaa na kusahau kukunja magurudumu. Ndege ikining'iniza magurudumu inakwenda taratibu na muda unaisha kabla ya duara la mwisho. Kwenye pedi ya PS2 bonyeza R3, yaani kijiti cha kulia kikibonyezwa ndani, mara tu unapoiacha ardhi. Kwenye kompyuta ni kitufe cha 2. Kosa la pili ni kuilaza ndege kwa kijiti kila unapotaka kusogea kidogo. Kwa marekebisho madogo tumia usukani wa mkia, L2 na R2, au Q na E kwenye kompyuta, na mabawa yabaki sawa. Somo la kutua, punguza mwendo mapema ukiwa bado mbali, shusha magurudumu, elekeza pua kwenye mwanzo wa njia na uache ndege ishuke yenyewe. Ukivuta pua juu kwa hofu utapita juu ya alama, na hapo, kaka, toleo lolote ulilonalo, utaanza tena.